Chura hana kosa: kuhusu video za kufundisha kuogelea

Ukitafuta mtandaoni jinsi ya kuogelea mtindo wa chura, utapata video nyingi mno, na karibu zote nilizotazama mimi zinaanza na agizo lilelile: piga miguu kama chura. Nilizifuata miezi mitatu, kila Jumamosi bwawani. Nilichovuna ni goti la kulia linalouma upande wa ndani, pamoja na imani kwamba mwili wangu ni mzito sana kwa maji. Kwa hiyo nina kinyongo kidogo, mnisamehe.

Hebu tumtazame chura mwenyewe. Akiogelea, miguu ya mbele anaibana ubavuni. Kazi inafanywa na ya nyuma, yenye nyayo pana zenye utando kati ya vidole. Anasukuma, halafu anatulia na kuteleza. Wewe huna utando. Ukipiga teke huku vidole vya mguu vimenyooka nyuma, maji yanakupita pembeni tu. Sisi tunasukuma kwa upande wa ndani wa unyayo na muundi, ndiyo maana nyayo lazima zigeuzwe nje kabla ya teke, si katikati yake. Video nyingi hulitaja hili kwa sekunde mbili, kisha muziki unaendelea.

Baya zaidi ni lile la "leta magoti tumboni". Maji yana msongamano wa takriban mara 800 ya hewa, na ukinzani wake hukua karibu kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani unakuwa kama mara nne. Sasa wewe umeshapata kasi, halafu unasimamisha mapaja mbele ya maji kama mlango! Kasi yote inaishia hapo, na unadhani tatizo ni uzito wako. Visigino ndivyo vije makalioni. Mapaja yashuke kidogo tu.

Na magoti yasipanuliwe sana. Teke pana linavuta kano ya ndani ya goti, jeraha ambalo madaktari wa michezo wanalifahamu vizuri kwa waogeleaji wa mtindo huu. Kocha James Counsilman wa Marekani na mwanafunzi wake Chet Jastremski walilitangaza teke jembamba, la mjeledi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yaani miaka sitini na kitu, na bado tunaambiwa tupanue.

Kwa haki, zile zilizopigwa chini ya maji kwa mwendo wa pole ni hazina. Hakuna kocha aliyesimama ukingoni anayeweza kukuonyesha unyayo ukigeuka namna ile. Lakini hata hizo hukata picha mara tu teke linapokwisha, na hapo ndipo chura alikuwa na somo: kuteleza. Mwaka 1956, Melbourne, Masaru Furukawa wa Japani alishinda dhahabu ya mita 200 akiwa chini ya maji sehemu kubwa ya mbio, mahali ambapo mwili haupotezi nguvu kutengeneza mawimbi. Baadaye kanuni zikabadilishwa kuzuia hilo.

Siku hizi nikimaliza teke nahesabu moja, mbili, mikono imenyooka, ndipo navuta tena. Mita 25 zilizokuwa zinanichukua mateke 24 sasa ni 15. Video bado natazama, ila bila sauti.