Heko Wachomeleaji wa Makambako
Lori la mbao au viazi likitoka Ipelele, milima ya Makete huanza kuitesa chesisi. Makambako, njia ya Songea inapokutana na ya Mbeya, ndipo majeruhi hupokelewa. Heko wachomeleaji! Fundi makini haparamii ufa: kwanza hutoboa tundu dogo nchani mwake usizidi kutambaa, kisha huchimba mfereji kwa grenda, ndipo achomelee. Kwingineko chuma kilicholika huvishwa kitambaa cha nyuzi za kaboni na gundi ya epoksi, bila cheche hata moja, jambo la maana sana kwenye mabomba ya mafuta. Sikatai. Ila gundi hiyo hutaka chuma kisuguliwe mpaka king'ae, tena bei yake si mchezo. Kwa lori linalosubiriwa sokoni kesho, mimi namwamini mwenye miwani myeusi.