Nywila Safarini: Namna Taarifa za Kuingia Zinavyopitishwa kwa Fomu kutoka Skripti Moja hadi Nyingine

Itifaki ya HTTP, yaani kanuni zinazoongoza mawasiliano kati ya kivinjari na seva, haina kumbukumbu: kila ombi hushughulikiwa peke yake, na seva ikishajibu haihitajiki kumkumbuka aliyeuliza. Kwa sababu hiyo, kila mfumo wenye kurasa zinazopaswa kufikiwa na watu waliotambuliwa tu hukabiliwa na swali lile lile tangu miaka ya 1990, nalo ni namna ya kuijulisha skripti ya pili, yaani programu ndogo inayotekelezwa kwenye seva, kwamba mtu huyu amekwisha kuthibitishwa na skripti ya kwanza.

Mfano wa kubuni utasaidia. Mfumo wa kukatia tiketi za mabasi yatokayo Mwanza kwenda Sengerema na Geita kupitia Busisi unaweza kuwa na skripti tatu: ya kwanza inapokea jina na nywila ya wakala, ya pili inaonyesha viti vilivyo wazi, na ya tatu inaandika malipo. Wakala aliyeko Busisi hujaza fomu ya kuingia, hubonyeza kitufe, na kivinjari hufunga vyote alivyoandika katika mstari mmoja wenye umbo la wakala=neema&nywila=sato%26ugali. Alama ya & hutenganisha sehemu moja na nyingine, kwa hiyo nywila yenyewe ikiwa na alama hiyo, kama ilivyo katika sato&ugali, ni lazima alama igeuzwe kuwa %26; isipogeuzwa, skripti itasoma sato pekee na kumkatalia mtu aliyeandika nywila sahihi. Kivinjari hufanya kazi hii chenyewe, lakini mtayarishaji wa programu anayeunganisha mstari huo kwa mkono husahau mara nyingi.

Fomu, ambazo ziliingizwa katika kiwango cha HTML 2.0, yaani lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kilichochapishwa Novemba 1995, zina njia mbili za kutumwa. Kwa njia ya GET mstari huo huambatishwa kwenye anwani ya ukurasa, ambako hubaki katika historia ya kivinjari na katika kumbukumbu za seva, hivyo kwamba anayekalia kompyuta ile ile baadaye katika intaneti kafe anaweza kuisoma nywila bila ujuzi wowote. Kwa njia ya POST mstari husafiri ndani ya mwili wa ombi, hauonekani kwenye anwani, na hapo ndipo wengi walipodanganyika wakadhani kwamba kisichoonekana kimefichwa. POST haisimbi chochote. Kinachozuia mtu aliye kwenye mtandao huo huo asiisome nywila ni HTTPS, ambayo husimba mawasiliano yote kati ya pande mbili.

Suluhisho la awali la kupeleka utambulisho mbele lilikuwa sehemu fiche, yaani kipande cha fomu ambacho kivinjari hakikionyeshi lakini hukituma pamoja na vingine. Skripti ya kwanza, baada ya kuthibitisha nywila, iliandika ukurasa wa viti ukiwa na jina, wadhifa na nywila ile ile ndani ya sehemu fiche, na skripti ya pili ikafanya vivyo hivyo kwa ajili ya ya tatu. Mbinu hii haikuwa ya kipuuzi kama inavyodhaniwa leo, kwani ilifanya kazi katika kivinjari chochote na iliruhusu madirisha mawili kubeba utambulisho tofauti bila kuingiliana. Hata hivyo ilikatika pale tu mtumiaji alipobonyeza kiungo cha kawaida, kwa kuwa kiungo hakitumi fomu, na watayarishaji wakalazimika kugeuza kila kiungo kuwa kitufe. Kubwa zaidi, yeyote aliyefungua msimbo wa ukurasa aliikuta nywila imeandikwa waziwazi, na yeyote aliyeuhifadhi ukurasa huo kwenye kompyuta yake aliweza kubadilisha wadhifa=wakala kuwa wadhifa=meneja kabla ya kuutuma, nayo seva ikaamini.

Lugha ya PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf, ilizidisha hatari hii kwa mpangilio ulioitwa register_globals, ambao uligeuza kila kilichotumwa na kivinjari kuwa kigeu, yaani jina linalobeba thamani, ndani ya skripti. Iwapo skripti ilikagua kigeu kiitwacho ameingia bila kukipa thamani ya kuanzia, mgeni aliyetuma ameingia=1 alipita bila nywila. Mpangilio huo ulizimwa kama chaguo-msingi katika toleo la 4.2.0 la mwaka 2002 na kuondolewa kabisa katika toleo la 5.4 la mwaka 2012, muda mrefu mno kwa kosa lililokuwa linafahamika.

Njia iliyo bora ilitokana na vidakuzi, yaani vipande vidogo vya taarifa ambavyo kivinjari huvitunza kwa niaba ya seva, vilivyobuniwa na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994, na PHP 4 ya mwaka 2000 ikaiweka ndani ya lugha kwa jina la kikao. Seva hutunza taarifa za wakala kwake yenyewe na kukipa kivinjari namba ndefu ya nasibu tu, ambayo kivinjari huirudisha katika kila ombi. Abiria wa kivuko cha Kigongo–Busisi, kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, alionyesha tiketi langoni wala hakumkabidhi mkaguzi pochi yake. Namba ya kikao ni tiketi ya namna hiyo. Namba hiyo inapaswa kubadilishwa mara tu baada ya kuingia, ili mvamizi aliyeipandikiza mapema katika kivinjari cha mtu asinufaike nayo.

Fomu haikustaafu. Kidakuzi cha tovuti moja hakitumwi kwa tovuti ya kikoa kingine, kwa hiyo chuo kinapotaka mwanafunzi wake aingie kwenye maktaba ya mbali kwa nywila ya chuo, kiwango cha SAML 2.0 cha mwaka 2005, cha kupitisha utambulisho kati ya tovuti, huirudia fomu yenye sehemu fiche, inayojituma yenyewe kwa POST. Mashirikisho ya utambulisho ya vyuo, kama lile la KENET, mtandao wa elimu nchini Kenya, hujengwa juu ya kiwango hiki. Tofauti yake na ya zamani ni kwamba fomu hiyo haibebi nywila, bali tamko lenye saini ya kidijitali na muda wa kuisha, ambalo mtumiaji akiligusa saini huharibika na mpokeaji hulikataa.

Nchini Tanzania jambo hili si la kitaalamu tu tena, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Mwenye mfumo wa zamani na afungue msimbo wa ukurasa baada ya kuingia, atafute nywila yake humo, na akiikuta ausimamishe mfumo huo hadi urekebishwe.