Mugumo wa Ihithe na Viza Yangu

Mara ya pili kusoma Unbowed ya Wangari Maathai nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, namba mkononi, nikisubiri kuitwa dirishani katika ubalozi fulani hapa Nairobi. Nilikuwa nimealikwa ng'ambo kwenye mkutano wa waandishi wa habari vijana. Mada yake, iliyopigwa chapa kwa herufi kubwa juu ya barua ya mwaliko, ilikuwa uraia wa dunia na maendeleo endelevu. Viza nilinyimwa. Waliandika kwamba hawakuridhika kuwa nitarudi nyumbani. Kitabu nilikimaliza.

Sisemi haya kwa kulalamika (sawa, kidogo). Nasema kwa sababu kuanzia siku ile nimekuwa nikikisoma kitabu hiki kama jibu kwa ile barua. Neno "uraia wa dunia" limezoeleka. Limo hata katika Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015, kifungu cha 4.7, kwamba kila mwanafunzi afundishwe. Sina ugomvi na kifungu. Ugomvi wangu ni na lile neno linavyoelea hewani, kama kwamba mtu anaweza kuwa raia wa kila mahali bila kuwa wa mahali popote.

Hebu tuliangalie kwa Kiswahili. Raia tulimpata kwa Waarabu, na kwa asili ni mtu wa kuchungwa, aliye chini ya mtawala. Mwananchi ni kitu kingine kabisa: mwana wa nchi, na nchi zamani ilikuwa ardhi yenyewe kabla haijawa bendera. Tofauti hiyo ndiyo naiona katika Unbowed, ingawa Maathai aliandika kwa Kiingereza na sidhani aliifikiria hivi.

Kitabu kilitoka 2006, miaka miwili baada ya Tuzo ya Nobel ya Amani, na angeweza kuanzia Oslo. Anaanzia Ihithe, Nyeri, alikozaliwa 1940. Mama yake anamtuma kuni lakini anamkataza kuokota hata kijiti chini ya mti wa mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mugumo kuna kijito, na mtoto anachezea mayai ya vyura akidhani ni shanga, anataka kuyavaa shingoni. Baadaye, akiwa mtu mzima aliyesoma Kansas na Pittsburgh, anaikuta ile ardhi ina mwenyewe mpya, mugumo umekatwa kupisha chai, na kijito kimekauka. Ndipo anapoelewa: mizizi ya mugumo ilikuwa ikipasua mwamba na kuyafungulia maji njia ya kupanda juu.

Hapa ndipo kitabu kinapokuwa kikubwa, kwangu. Chai hailimwi kwa wingi vile kwa ajili ya kikombe cha Nyeri peke yake. Dunia ilifika Ihithe, ikataka nafasi, na aliyepisha ni mti. Maathai hasemi hivyo waziwazi. Anaieleza tu sehemu ile kwa utulivu, nawe unaona.

Tena hafichi kushindwa. Mradi wake wa kwanza wa miche, Envirocare, ulikwama. Juni 1976 alikwenda Vancouver kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi, na mwaka uliofuata alipanda miti saba Kamukunji. Harakati ya Green Belt ikaanza hivyo, bila mbwembwe. Wataalamu wa misitu walidhani kupanda mti kunahitaji cheti. Wanawake wa vijijini wakaotesha mbegu, wakalipwa pesa kidogo sana kwa kila mche ulioshika. Si uliopandwa, jamani, ulioshika. Nimeripoti miradi mingi na sijui kama kuna uhasibu mkali zaidi ya huo.

Halafu 1989, jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Maathai anaandika barua kila upande, mpaka kwa balozi wa Uingereza, akiuliza kama jambo kama hilo lingevumiliwa Hyde Park. Bungeni wakamtukana yeye na wenzake kwamba ni kundi la wanawake walioachika. Wenye mitaji wa nje waliposita, jumba likafa. Kwa hiyo ndiyo, uraia wa dunia unafanya kazi. Lakini ona nani aliweza kuutumia: mwanamke mwenye shahada ya uzamivu, Kiingereza safi, na anwani za watu wakubwa. Na hata yeye walijaribu kumvunja.

Hilo ndilo linalonisumbua kitabuni. Sura za mwisho zinachoka, zinakuwa orodha ya mikutano na shukrani. Wale wanawake wasio na vyeti, ambao bila wao hakuna tuzo, wengi wanabaki umati. Wanainama, wanapanda, wanaimba, wanaondoka. Mwandishi aliyekumbuka rangi ya mayai ya vyura angeweza kutupa majina zaidi.

Nina sababu yangu ya kudai hivyo. Cucu wangu alikuwa katika kikundi kimoja cha miche huko nyumbani. Hakuwahi kuwa na pasipoti. Niliporudi kutoka ubalozini nilikagua picha za kitabuni kwa muda mrefu nikitafuta uso wake, nikijua fika hauwezi kuwa humo.

Nikampigia mama kumuuliza kikundi kiliitwaje. Hakumbuki. Anakumbuka kwamba walioteshea kwenye vyungu vilivyopasuka, kwamba mtu alikuwa akija kuhesabu, na kwamba cucu alikuwa akigomba naye kuhusu mche mmoja ulionyauka, akisisitiza kwamba bado uko hai.