Duveti la Manyoya Limefika Mgololo, Kipupwe Kijiandae

Jamani, nimelilalia! Duveti la manyoya halisi ya bata bukini, limetoka kwenye belo la mitumba Mafinga, likapanda basi mpaka huku Mgololo, na tangu usiku ule wa kwanza sina habari nyingine ya kuwapa watu. Najua ni mapema. Kipupwe bado kibichi na duveti sijalizoea vizuri. Lakini kitu kizuri namna hii hakingoji.

Kwanza ni wepesi wake. Sisi wa Mufindi tumelelewa tukiamini kwamba joto ni uzito: blanketi, juu yake blanketi la Kichina lenye picha ya chui, juu yake tena koti, mpaka kugeuka ubavu inakuwa kazi. Hili ukilitandaza linachelewa kutua. Unajifunika, unasubiri uzito, uzito hauji. Linakuja joto! Linaanzia mabegani, linashuka taratibu, na ukungu wa huko nje unabaki kuwa shauri la misonobari.

Kazi yote hiyo inafanywa na hewa. Manyoya ninayoyasema si yale yenye kijiti unayonyonyoa kwa maji ya moto. Ni yale mororo yanayoota kifuani na tumboni mwa bata, chini ya manyoya ya nje, kila moja likiwa kitita cha nyuzi laini zilizotawanyika pande zote. Hewa ikinaswa humo haitembei, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Viwanda hupima jinsi manyoya yanavyotanuka: wakia moja, yaani gramu 28 hivi, ikiachwa huru inajaza nafasi gani? Manyoya ya kipimo cha 600 hujaza karibu lita 10. Ya 800 hujaza lita 13. Gramu 28 tu, na ndoo ya lita 20 imepita nusu!

Usingizi nao unakuja haraka, na sababu yake inajulikana. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, walieleza katika jarida la Nature kwamba miguu ikipata joto mtu huwahi kulala. Mishipa ya miguuni na mikononi hutanuka, joto la ndani ya mwili linapata njia ya kutoka, kiini cha mwili kinapoa kidogo, na hapo ndipo usingizi unapoingia. Fikiria anayetoka shifti ya usiku pale kiwanda cha karatasi, anafika nyumbani alfajiri nyayo zimeganda. Huyo ndiye ningempa duveti hili kabla ya mtu yeyote.

Na kuna jambo ninalolisema kwa uchungu: jiko la mkaa chumbani. Kwenye baridi zetu hizi, kuanzia Mufindi mpaka Njombe na Makete, bado kuna wanaoliingiza ndani, wakafunga dirisha na kulala. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hawaamki. Familia ikiwa na fedha ya kitu kimoja tu cha kupashia joto, kiwe cha kujifunika.

Sasa twende kwenye belo, maana hapo ndipo utamu ulipo! Usidanganywe na unene. Maduveti mengi mazito yaliyofura ni poliesta. Tafuta kitambulisho kilichoshonwa kwenye pindo. Mitumba inatoka nchi nyingi, kwa hiyo maneno ya kuyakariri ni haya: cha Kiingereza kitasema down, cha Kijerumani Daunen, cha Kidachi dons, cha Kifaransa duvet. Ukiona feather, Federn au plumes, hayo ni manyoya yenye vijiti. Langu linasema asilimia 90 ya mororo kwa 10 ya vijiti, na nilipolisoma nilitaka kupiga vigelegele mbele ya muuzaji. Kisha libane kwa vidole: vikichoma vijiti vingi, liache. Likunje, likandamize, uachie; zuri linafura upya lenyewe. Papasa mishono pia. Bora ni lile lenye vyumba vya mraba vilivyotengwa kwa kuta za kitambaa ndani. Pale kitambaa cha juu na cha chini vinaposhonwa pamoja moja kwa moja, baridi hupenya kwenye mstari wa uzi. Mwisho linuse. Harufu ya uvundo maana yake liliwahi kulowa likakauka vibaya, na hilo halitibiki.

Bata bukini au bata wa kawaida? Bukini, kama mfuko unaruhusu, kwa kuwa vitita vyake ni vikubwa zaidi. Juu kabisa yupo bata wa baharini wa Iceland, ambaye manyoya yake huokotwa kwa mkono viotani, na kilo moja huhitaji viota 60 hivi. Hayo tuwaachie wafalme. Anayenunua jipya dukani atafute alama ya RDS, utaratibu ulioanza mwaka 2014 unaokataza bata kunyonyolewa wakiwa hai.

Adui wake ni unyevu. Manyoya yakilowa hushikana, hewa inatoka na joto linakwenda nayo. Kwa hiyo mpelekee fundi cherehani mashuka mawili akushonee kava la vifungo, ufue kava na duveti lenyewe ulipumzishe. Asubuhi lisitandikwe papo hapo. Likung'ute, liache wazi jasho liondoke. Likihitaji maji kweli, subiri jua la Septemba au Oktoba: sabuni kidogo, usilikamue kwa kulisokota, lianike siku kadhaa huku ukilikung'uta na kuvunja mabonge kwa mkono. Kulifua Julai na ukungu wetu huu ni kuliozesha. Na anayetaka kununua aende Januari, wauzaji wanapotamani litoke mezani, kwa sababu ikifika Juni kila mtu Mafinga analiulizia.