Kusifu Karakana Isiyo na Mlango

Aghalabu watu wanapomsifu fundi humsifu kana kwamba ustadi wake ulizaliwa naye na utazikwa pamoja naye, na hekaya nyingi humweka mhunzi peke yake pembezoni mwa kijiji, kando ya moto na mivukuto yake, akiogopwa na kuheshimiwa kwa kadiri moja. Sikatai kwamba vipaji vipo, wala kwamba Mwenyezi Mungu humjalia amtakaye wepesi wa mkono na uangavu wa jicho. Lakini kila nilipoichunguza kazi njema ya chuma au ya bati niliona kwamba haikutimia ila kwa auni ya wengi, na baadhi yao hawakujua hata kwamba wamesaidia. Kwa hiyo sifa zangu leo nazipeleka mahali badala ya mtu, na mahali penyewe ni Kamukunji, mjini Nairobi.

Kamukunji haiko mbali na kituo cha mabasi cha Machakos, na mgeni huisikia kabla hajaiona, maana nyundo hazinyamazi tangu asubuhi mpaka magharibi, wala hazipatani mapigo. Pale mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi, mabati mapya na chuma chakavu hugeuka masanduku ya wanafunzi, karai, sufuria, toroli, vikaango na majiko. Fuawe ya fundi wa pale mara nyingi ni kipande cha reli, chuma kilichobeba magari moshi katika ujana wake na sasa kinapigwa mchana kutwa bila kulalamika. Ala zake nyingine ni nyundo, tindo, mkasi wa bati, bikari ya kuchorea duara na kigezo kilichokatwa katika bati kuukuu, basi. Mtu aliyezoea viwanda vyenye sakafu iliyofagiwa huweza kupita akadhani ameona fujo, na mtu huyo heri akae kitako kidogo kabla ya kuhukumu.

Faida ambayo watu huitaja kwanza ni ya ala, nami nitaipita upesi kwa kuwa iko wazi. Mashine ya kukatia bati nene, au ya kuchomelea, hushinda akiba ya fundi kijana. Mmoja akiwa nayo, wengine humpelekea vipande vyao kwa ujira mdogo, na asiye na kitu akafanya kazi sawa na mwenye nacho. Kadhalika ijapo kazi kubwa, mathalan masanduku ya shule nzima, aliyeipata humgawia jirani fungu lake, naye jirani huirudisha jamala hiyo siku yake itakapofika. Haya yote ni mema, lakini ni mambo ya mfukoni, na wanauchumi wamekwisha kuyaandika: ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya, ya mwaka 1972, iliwafumbua macho wakubwa wengi waone kwamba watu waliodhaniwa hawana kazi walikuwa na kazi tele, ila haikuwa na ofisi, na Kenneth King wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliyetoa kitabu juu ya mafundi wa Kiafrika mwaka 1977, alikuwa na subira ya kuwarudia mafundi wa Kenya na kuandika kingine mwaka 1996, subira ambayo si watafiti wengi wameruzukiwa.

Faida ninayoitukuza mimi ni ya jicho. Chukueni sanduku la bati, ambalo kila mzazi aliyepata kumpeleka mwana shule ya bweni analijua. Fundi hulaza bati, huweka kigezo, huchora kwa msumari, hukata. Kisha hukunja pindo juu ya ukingo wa reli, na hapo ndipo ustadi ulipo, kwa kuwa pindo lililopigwa kwa pupa hupasuka pembeni, na lililopigwa kwa woga hubaki limeachama, likingoja vidole vya mtoto. Kadiri ya pigo lile haiandikiki. Mwalimu aweza kumwambia mwanafunzi apige polepole, naye akapiga polepole na bado akaharibu, maana upole wenyewe una daraja nyingi. Lakini akiketi kati ya mafundi kumi wanaokunja pindo lile lile, huyu akianzia pembeni na yule katikati, mmoja akiinua nyundo mpaka begani na mwingine akiiachia ianguke kwa uzito wake, anayo mizani mbele ya macho yake, anaweza kupima kazi kwa kazi na kuchagua. Aliyefunzwa chumbani na bwana mmoja hurithi mema ya bwana wake pamoja na ila zake, wala hana njia ya kuzitenga.

Hata sikio hufunzwa pale. Bati lililolala sawasawa juu ya reli hutoa sauti kavu, na lenye pengo chini yake hutetema, hivyo fundi aliyeinamia kazi yake huweza kumrudi mwanafunzi wa jirani bila kugeuza shingo: “Wewe kijana, hiyo bati haijakaa!” Mwanafunzi hatozwi ada kwa somo hilo, na mwalimu wake halioni kuwa ni utovu wa adabu.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni jiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa nishati walileta Kenya fikra ya jiko la ndoo la Thailand, lenye bitana ya udongo uliochomwa ndani ya ganda la chuma, kwa kuwa jiko la zamani la bati tupu liliutawanya moto pembeni na kula makaa kupita kiasi. Fikra hiyo haikubaki kama ilivyokuja. Umbo lililoshinda ni hili tulijualo leo, pana juu, jembamba kiunoni, pana tena chini: udongo hukaa nusu ya juu peke yake, jiko likawa jepesi kulibeba, na kitako kipana kikalizuia lisipinduke mpishi anaposonga ugali kwa nguvu zake zote. Wataalamu walikuwa na vipimo vyao, na wahunzi wa Kamukunji na Shauri Moyo walikuwa na nyundo zao na wateja wasioficha maneno, nao wakajibizana kwa bati na udongo zaidi kuliko kwa karatasi. Kisha kigezo kikapita mkono kwa mkono, kikavuka mipaka hata Tanzania, Uganda na Rwanda, pasipo mtu wa kukizuia.

Sitaki kuficha upande wa pili. Kigezo kisichozuiliwa humfikia mvivu sawa na mwaminifu, na majiko yakatokea yenye udongo usioiva vema na bati jembamba lililotoboka upesi. Tena mvumbuzi wa pale hula jasho lake muda mfupi mno: akibuni kitasa kipya cha sanduku, keshokutwa kitasa hicho kiko kwa majirani, na bei yake imeshuka. Huo ni udhalimu wa kweli, na hasada hufuata pale pale. Hata hivyo fundi akilalamika hahami, maana akijifungia peke yake atakilinda kitasa kimoja na kukosa kuona vya wenzake.

Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika kwa mafundi hao, waitwao wa jua kali kwa kuwa hufanya kazi nje juani, na vibanda vikajengwa. Paa ni rehema kwa mtu apigaye chuma saa sita mchana, nami nawashukuru waliojenga, ijapokuwa mafundi ni wengi kuliko vivuli na bado wako waliotapakaa nje.

Siku hizi wasomi nao wamezinduka. Chuo Kikuu cha Nairobi kina karakana ya pamoja ya namna ile iliyoanzia MIT, Marekani, mwanzoni mwa karne hii, yenye mashine ya kukata kwa leza na ya kuchapa vitu vya plastiki tabaka juu ya tabaka, ambamo mtu huingia na wazo na kutoka na kitu mkononi, akisaidiwa na yeyote aliye karibu. Ni jambo jema, ingawa sielewi kwa nini lisimuliwe kana kwamba ni muujiza uliokuja kwa ndege. Mwendo wa miguu kutoka chuo hicho mpaka Kamukunji haufiki saa moja. Fundi wa masanduku akipata kigezo kilichokatwa kwa leza ataokoa mabati mengi yanayoharibika kwa mchoro uliopinda, na mwanafunzi wa uhandisi akikaa kwenye reli jioni mbili tatu ataambiwa, tena kwa sauti ya juu, kwa nini pembe aliyoichora katika kompyuta hupasuka inapokunjwa.