Sifa ya Mshiko

Anayetaka kumpima mkerezaji asipoteze muda kwenye mng'aro wa bakuli. Aligeuze, atazame kitako. Mti uliozunguka mbele ya patasi mara mamia kwa dakika ulishikwa mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni hapo. Ukikuta matundu manne ya skrubu yamezibwa kwa gundi na vumbi la mbao, jua fundi alianza kazi bila kuuwaza mwisho wake. Sisemi bakuli ni baya. Nasema limeokolewa.

Sifa za ukerezaji huenda kwa patasi na kwa maranda marefu yanayomrukia fundi begani. Mimi nausifu mshiko. Kila mshiko hula mti: skrubu hutoboa, taya huminya, ncha ya chuma huacha kidonda. Ufundi ni kuamua mapema ni sehemu gani ya mti iliwe.

Tazama chaki ya taya nne, yaani kile kishikio cha kerezo ambacho taya zake hufunga na kufungua. Fundi huacha ulimi mfupi wa mviringo chini ya gogo, mpana kidogo mwishoni kuliko shinani, ili taya zikifunga ziuvute mti kwake. Anayeanza kazi huukata ulimi mrefu, akidhani urefu ndio nguvu. Ulimi ukigusa sakafu ya chaki, bega la bakuli, yaani ukingo unaouzunguka ulimi, halikai juu ya taya. Mti unayumba, na patasi ikinasa kidogo tu, bakuli liko ng'ambo ya karakana. Upana nao una hesabu yake. Duara la ulimi likilingana na duara la taya, zinaufumbata karibu pande zote. Likizidi, zinauma kwa pembe zake nane tu.

Mti mbichi ndio unaojua kumsumbua mtu. Bakuli la mwembe likikerezwa bichi huachwa nene, kama sehemu ya kumi ya kipenyo chake, likae miezi likauke. Kwa kuwa mti husinyaa zaidi kwa kukata nyuzi kuliko kwa kuzifuata, bakuli hutoka limekuwa yai, na ulimi wake vilevile. Hapo libanwe upya katikati ya ncha mbili za kerezo, ulimi urudishwe kuwa duara, ndipo chaki iuone.

Zamani mshiko haukubebeshwa kazi yote hii: kerezo la uta halikuwa na haja ya meno wala taya. Kamba ya uta ilizungushwa kwenye mti wenyewe, ikauendesha mbele na nyuma, na zile ncha mbili zilikuwa egemeo tu. Mashine ya leo huuendesha mti kwa kupitia mshiko, ndiyo maana ncha yake ina meno. Nayo hupigiliwa kwa nyundo ya mbao mti ukiwa benchini, si mashineni. Wanaopigilia mashineni hununua beringi mara kwa mara.

Lakini aliyenikosha kuliko wote ni George Lailey wa Bucklebury Common, Uingereza, aliyefariki mwaka 1958. Alikereza mabakuli ya mti uitwao elm kwa kerezo la kukanyaga, mguu ukivuta kamba chini na ufito ukiirudisha juu. Mshiko wake ulikuwa wa misumari, akaipigilia kwenye uso wa gogo, palepale ambapo bakuli lilipaswa kuwa tupu. Kisha kwa vyuma vilivyopinda akachimba kulizunguka lile pande la katikati hadi likabaki limeshikwa na shina jembamba, akalivunja. Bakuli likatoka bila kidonda ndani yake, na pande lile likawa mwanzo wa bakuli la pili, dogo zaidi, na ndani ya hilo likapatikana jingine. Ulichokula mshiko ni kile kile kilichokuwa kikiondoka. Kerezo lake limehifadhiwa Reading, kwenye jumba la makumbusho ya maisha ya mashambani ya Uingereza. Nikijaliwa nauli nitakwenda. Vyombo vyake wavitazame wengine, mimi nataka kuona misumari.