Bunduki ya 1949 na mikono iliyoibeba

Bunduki FN ya mwaka 1949, kazi ya Dieudonné Saive wa Herstal, ilinunuliwa pia kwa ajili ya Kongo ya Wabelgiji. Leo huko Marekani kuna watu wanaoitengeneza upya na kwenda kuwinda nayo. Ufundi wao tunausifu: wanaokota maganda, wanayatia fataki, baruti na risasi mpya, wanapunguza gesi isipige mtambo kwa nguvu mno. Lakini juu ya nini kusugua mbao mpaka zing'ae kama kabati ya dukani? Kwa ile iliyopitia Kongo, mikwaruzo ni alama ya wababa zetu wa Force Publique. Majina yao hayakuchorwa kwenye chuma. Ufa wautie gundi, mafuta kidogo, basi.